Ni Nani Aliyeleta Ugonjwa?



Kila mmoja wetu amepata kuliona jambo hili, au kulisikia likisimuliwa. Arusi imefanyika, watu wamekula na kunywa kwa furaha, na asubuhi yake nyumba tatu nne zina wagonjwa. Wanatapika, wanaharisha, na mtoto mmoja amelegea hata hawezi kuinua kichwa. Kabla jua halijapanda, neno limekwisha kuzunguka kijijini. Halisemi, "Ni kitu gani kilichotudhuru?" Lasema, "Ni nani aliyetudhuru?" Na mara nyingi jina lililo tayari midomoni ni la mtu asiye na mtetezi: mama mzee mjane, au mgeni aliyehamia juzi, au jirani tuliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba.

Mwezi huu twataka kulifikiri swali hilo pamoja nanyi. Je, ni halali kwa Mkristo kumtafuta aliyeleta ugonjwa na kumtaja? Au labda si halali tu, bali ni wajibu? Zamani swali hili lilikuwa na uzito mdogo, kwa maana hakuna aliyeweza kujua kwa hakika. Siku hizi si hivyo. Wataalamu wamejaliwa njia ya kufuata nyayo za vidudu vya ugonjwa hata kufika mlango vilipotokea. Na mwanadamu akipewa kujua, ataulizwa pia amefanya nini na ujuzi wake.

Yafaa kwanza tuieleze njia hiyo kwa maneno mepesi. Kila kiumbe chenye uhai, hata kidudu kisichoonekana kwa macho, kina ndani yake kitu kama kitabu, ambacho wataalamu hukiita jenomu. Kitabu hicho kimeandikwa kwa herufi nne tu, zilizopangwa kwa mfuatano mrefu sana: kidudu kiitwacho Listeria kina herufi karibu milioni 3, na cha kipindupindu karibu milioni 4. Kidudu kikizaa hukinakili kitabu chake. Na kama ajuavyo kila mwalimu aliyewapa wanafunzi maneno ya kunakili, anayenakili hukosea herufi hapa na pale. Kosa hilo hurithiwa na wote watakaonakili kutoka kwake. Mwalimu akiona wanafunzi wawili wamekosea neno lile lile katika mstari ule ule, hana haja ya kuuliza kama waliketi pamoja. Vivyo hivyo vidudu vilivyotolewa katika damu ya mgonjwa wa mji mmoja, na vilivyopatikana katika nyama ya mji mwingine, vikiwa na herufi zile zile na makosa yale yale, ni vya jamaa moja, tena havikuachana zamani.

Basi tuone njia hii ilivyotumika huko Afrika ya Kusini. Katika mwaka wa 2017 waganga wa nchi ile waliona kwamba watoto wachanga wengi kuliko desturi walizaliwa wakiwa wagonjwa kwa kidudu cha Listeria. Kidudu hiki kina hila. Baridi ya jokofu, ambayo huvizuia vidudu vingine, haikizuii. Chaendelea kuongezeka humo polepole. Tena mtu aweza kukila leo asiugue ila baada ya majuma mengi, hata amesahau alichokula. Mwanamke mwenye mimba huenda akaona homa ndogo tu, kumbe mtoto aliye tumboni anakufa. Tarehe 5 Desemba 2017 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa umezuka. Hata ulipokwisha, walihesabiwa wagonjwa 1,060, na waliojulikana kuwa wamekufa walikuwa 216. Zaidi ya wanne katika kila kumi wa wagonjwa hao walikuwa watoto wasiotimiza mwezi mmoja tangu kuzaliwa.

Wataalamu wa Johannesburg walisoma jenomu za vidudu vilivyotoka kwa wagonjwa wa majimbo yote, wakaona kwamba karibu vyote ni vya jamaa moja. Hapo wakajua kwamba si bahati mbaya mia mbalimbali, bali ni chakula kimoja, kutoka mahali pamoja. Lakini ni chakula gani, na ni mahali gani? Herufi hazikuweza kujibu. Ilikuwa lazima watu waulizwe. Wagonjwa 109 waliulizwa waliyokuwa wamekula, na 93 kati yao walitaja nyama zilizotayarishwa kuliwa bila kupikwa, na iliyotajwa zaidi ilikuwa poloni, yaani nyama iliyosagwa, ikapikwa, ikatiwa katika ngozi kama soseji kubwa, ambayo huliwa bila kupikwa tena. Kisha, mwezi wa Januari 2018, watoto wa shule moja ndogo katika Soweto waliugua matumbo, wakapelekwa hospitali. Waliowahudumia hawakuridhika kuwapa dawa na kuwarudisha kwao. Walituma watu kwenda kutazama jokofu la shule. Ikaonekana poloni humo, na ndani yake kidudu. Nyayo zikafuatwa mpaka kiwanda kimoja katika mji wa Polokwane, na jenomu ya vidudu vilivyopatikana kiwandani ikalingana na ile ya wagonjwa. Tarehe 4 Machi 2018 waziri wa afya alisimama mbele ya watu akataja mahali penyewe. Nyama ile ikaondolewa madukani, na wagonjwa wakapungua kwa upesi.

Wasomaji watafahamu ni nani hasa aliyekula poloni. Ni nyama ya bei nafuu. Mama wa kazi aliinunua ili watoto wake wapate kitoweo pamoja na mkate. Basi, kama jina la mahali pale lingalifichwa kwa kuogopa hasara ya wenye mali, waliolipa fidia ya siri hiyo wangalikuwa ni maskini, nao wangalilipa kwa watoto wao.

Sasa tuitazame habari ya pili, ambayo ni chungu zaidi, kwa sababu ndani yake kweli ilikawia. Nchi ya Haiti ilipigwa na tetemeko kubwa la nchi mwezi wa Januari 2010. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule kipindupindu kikazuka huko, ugonjwa ambao wenyeji hawakuwa wameuona kwa muda wa miaka mia na zaidi. Kilianza karibu na mji wa Mirebalais, mahali palipokuwa na kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepal. Uchafu wa vyoo vya kambi uliingia katika kijito, na kijito kinaingia katika mto Artibonite, ambao watu wengi huunywa na kuoga na kunyweshea mashamba. Wenyeji wa kando ya mto walisema tangu mwanzo walipopaona kosa. Mtaalamu Mfaransa, Renaud Piarroux, aliyetumwa kuchunguza mwaka ule ule, aliona vivyo hivyo. Na mwaka wa 2011 wataalamu wa Denmark na wenzao walisoma jenomu za vidudu kutoka Nepal wakazilinganisha na za Haiti. Baadhi zilitofautiana kwa herufi moja au mbili tu katika herufi zile milioni 4.

Walakini Umoja wa Mataifa haukukiri. Miaka ikapita. Ni mwezi wa Desemba 2016 tu ndipo Katibu Mkuu wake, Ban Ki-moon, alipowaomba watu wa Haiti msamaha mbele ya mataifa. Wakati huo waliokuwa wameugua walikuwa zaidi ya laki saba, na hata ugonjwa ulipotulia mwaka wa 2019 waliokufa walikuwa karibu 10,000.

Lakini kuna jambo jingine katika habari hiyo ambalo twaomba kila mwalimu wa usharika aliweke moyoni. Katika miezi ile ya kwanza, wakati kweli ilipokuwa haijasemwa, watu hawakukaa bila jibu. Mtu aliyefiwa hakai bila jibu. Walijitafutia wenyewe. Walisema kwamba makuhani wa dini ya vodou wanatupa unga wa sumu katika maji. Mwezi wa Desemba 2010 wakuu wa serikali ya Haiti walitangaza kwamba watu wasiopungua 45 wamekwisha kuuawa na makundi ya watu kwa shutuma hiyo. Hao hawakufa kwa kipindupindu. Walikufa kwa sababu waliojua, au waliokuwa na njia ya kujua, hawakusema upesi. Na waliosema upesi hawakujua.

Basi turudi kwenye swali letu, tukilipima kwa Amri za Mungu kama tulivyofundishwa katika Katekisimo. Amri ya Tano yakataza kuua. Na Dokta Luther, katika kuieleza, hakuishia hapo, bali alitufundisha kwamba yatupasa kumsaidia jirani yetu katika kila haja ya mwili wake. Kwa hiyo anayejua kwamba chakula hiki kinaua, naye akanyamaza, hakumpiga mtu kwa fimbo, lakini amri ameivunja. Twakumbuka pia ile sheria iliyomo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, impasayo mwenye kujenga nyumba auzungushie ukingo dari yake, asije mtu akaanguka. Sheria hiyo haiulizi kama mwenye nyumba alimchukia aliyeanguka. Haiulizi kama alikusudia. Yauliza kama aliweka ukingo. Mwenye kiwanda, na mwenye kambi, na mama auzaye maziwa njiani, na sisi tupikao katika sherehe za usharika, wote tuna dari ambazo watu wengine hutembea juu yake.

Lakini ipo Amri ya Nane, ikatazayo kumshuhudia jirani uwongo. Nayo Katekisimo yatutaka tumtetee jirani, tumnene mema, na kuyageuza mambo yake kwa upande ulio mwema. Je, Amri hizi mbili zagombana? Mmoja atasema: Amri ya Tano yaniamuru nimtaje, na Amri ya Nane yaniamuru nimsitiri, nifanye nini?

Sisi twaona hazigombani, ila sharti tutambue tofauti iliyo kati ya kumtaja mtu ili watu wapone, na kumtaja mtu ili hasira zetu zipate pa kutua. Anayetaja ili watu wapone hungoja ushahidi, na akiisha kuupata hakawii. Hutaja kitu na mahali kabla ya kutaja mtu: nyama hii, kisima hiki, choo hiki. Husema anachokijua wala hapitilizi. Na akiisha kutaja, hukaa karibu na aliyetajwa ili amsaidie kutengeneza. Lakini anayetaja kwa hasira hana haja ya ushahidi. Akipewa huuona kuwa unamchelewesha. Huanza na jina la mtu. Tena ugonjwa ukiisha, yeye bado analo jina lile mdomoni.

Kwa hiyo ujuzi huu mpya wa kusoma jenomu, ukitumiwa kwa haki, ni mtumishi wa Amri zote mbili. Kwa Amri ya Tano humwonyesha mwenye kosa la kweli, ili aache. Kwa Amri ya Nane humtoa asiye na kosa mikononi mwa wanaomshutumu. Wale 45 wa Haiti hawakuwa na wakili. Ushahidi wa herufi ungaliweza kuwa wakili wao, kama ungalitafutwa mapema na kutangazwa mapema.

Dokta Luther mwenyewe alikutana na jambo hili. Mwaka wa 1527 tauni iliingia Wittenberg. Watu wengi wakakimbia, naye akabaki kuwahudumia wagonjwa. Mchungaji Johann Hess wa mji wa Breslau alikuwa amemwuliza kama ni halali kwa Mkristo kuikimbia tauni, naye akajibu kwa barua iliyochapishwa. Humo aliwasifu wakaao na wagonjwa kwa imani, lakini aliwakemea vikali wanaodharau dawa na kujitia hatarini bure kana kwamba ndiyo imani. Alisema hao wanamjaribu Mungu. Tena aliwahukumu vibaya zaidi wale wanaojijua kuwa wana ugonjwa, wakauficha na kujichanganya na watu. Basi katika kanisa letu si fundisho jipya kwamba kutojali ni dhambi, na kwamba kuficha ni dhambi kubwa zaidi.

Twajua lipo neno ambalo baadhi ya wasomaji watatupinga nalo, nalo si neno la kipumbavu. Watasema: "Katika nchi zetu watu hawana maji safi wala vyoo. Mashine za kusoma herufi ni za fedha nyingi. Je, si afadhali fedha hizo zichimbe visima?" Ni kweli kwamba herufi hazimnyweshi mtu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka wa 2015 kwamba katika Afrika watu zaidi ya milioni 91 huugua kila mwaka kwa chakula kibaya, na 137,000 hufa. Idadi kama hii haiondolewi kwa mashine peke yake. Kama mkuu yeyote atanunua mashine apate kusifiwa, na huku choo cha soko hakina mlango wala maji, tumwambie wazi kwamba amenunua taa akasahau kujenga nyumba.

Walakini tusifanye jicho na mkono kuwa adui. Kisima huchimbwa kwa mkono, lakini ni jicho liuambialo mkono uchimbe wapi. Katika Afrika ya Kusini watu walikuwa na majokofu na maji ya mfereji, na bado walikufa, mpaka mahali penyewe palipojulikana. Tena tukumbuke haki. Maskini akifa kwa chakula kibaya, desturi ya ulimwengu ni kusema amekufa kwa sababu ya umaskini, kana kwamba umaskini ni kidudu. Tajiri akifa vivyo hivyo, uchunguzi hufanywa. Kumtafutia maskini sababu ya kweli ya kifo cha mtoto wake ni kumheshimu kama mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Kwa sababu hiyo twafurahi kwamba mwaka wa 2020 Umoja wa Afrika, kwa kituo chake cha kuzuia magonjwa, ulianzisha kazi ya kuzisaidia nchi za bara hili kusoma jenomu za vidudu kwao wenyewe, zisiwe lazima kupeleka vyote ng'ambo na kungoja majibu.

Lipo neno moja la mwisho la haki, nalo lawahusu wenye nguvu. Mwezi wa Novemba 2021 wataalamu wa Botswana na Afrika ya Kusini, kwa kusoma jenomu, waligundua namna mpya ya virusi vya korona, wakautangazia ulimwengu bila kuficha. Ujira wao ulikuwa nini? Kwa siku chache tu nchi nyingi ziliwafungia milango watu wa kusini mwa Afrika. Tusishangae, basi, kama siku nyingine mtu ataona kidudu akanyamaza. Anayeadhibu ungamo hufundisha watu kuficha. Sisi tulio Wakristo twalijua jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa tumezoea kuungama mbele ya Mungu, naye hutuondolea. Kama kila ungamo lingalifuatwa na kiboko, ni nani kati yetu angalifungua kinywa chake?

Tena huko si mbali, ni hapa petu. Mama auzaye maziwa akisikia kwamba aliyekiri kuuza maziwa yaliyoharibika alipigwa na kutukanwa na kibanda chake kikavunjwa, yeye hatakiri. Atamwaga yaliyobaki usiku, ataosha chombo, na asubuhi hatajua mtu. Lakini akisikia kwamba aliyekiri alifundishwa kuyachemsha, na jirani wakamsaidia kununua sufuria yenye mfuniko, huyo atakuja mwenyewe kabla hajaulizwa.

Kwa hiyo, waalimu na wazee wa sharika, watu wakiugua baada ya sherehe, twawaomba mfanye hivi. Kwanza, wagonjwa wapelekwe zahanati bila kukawia, hasa watoto wachanga na wanawake wenye mimba. Pili, mabaki ya chakula yasitupwe, bali yafunikwe na kuwekwa mbali na watu mpaka mganga aseme anayataka au hayataki. Tatu, andikeni mkingali mnakumbuka: ni nani waliokula, walikula nini, na waliugua saa ngapi. Daftari ya mwinjilisti yaweza kuokoa watu kuliko mnavyodhani, kwa maana hata mashine iliyo bora haijui mtu alikula nini ila aambiwe. Nne, nalo ni lenu kuliko la mganga: mkisikia jina la mtu linazunguka kijijini, nendeni mkaketi nyumbani kwake siku hiyo hiyo, mchana, watu wakiwaona. Mnyweni uji kwa yule mama mzee. Kufanya hivyo ni kuifundisha Amri ya Nane bila mimbari.

Bwana wetu alifundisha kwamba yaliyofunikwa yatafunuliwa. Sisi tulikuwa tukilisikia neno hilo kama tisho, tukafikiri habari ya siku ya mwisho tu. Lakini kwa mama wa Soweto ambaye mtoto wake alipona kwa sababu mtu alikwenda kufungua jokofu, kufunuliwa kulikuwa rehema. Basi tusiiogope kweli, wala tusiifanye kuwa rungu. Tuitafute kwa bidii, tuiseme kwa upendo, na aliyekosa tumpe nafasi ya kutengeneza. Kwa maana sisi sote hula katika vyungu vilivyopikwa na watu wengine, na watu wengine hula katika vyetu.